Miaka 75 ya NATO, Mkataba wa Ng'ambo Mbili za Atlantiki

Mkataba wa Atlantiki ya Kaskazini ulitiwa saini mjini Washington tarehe 4 Aprili 1949 na mawaziri wa mambo ya nje wa nchi 12: Marekani, Kanada, Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg, Norway, Denmark, Iceland, Italia na Ureno. Una ibara 14 tu, nyingi zikiwa za sentensi moja au mbili. Dean Acheson, waziri wa Marekani aliyeusimamia, alisimulia baadaye kwamba wageni walipokuwa wakisubiri, bendi ya jeshi ilipiga nyimbo mbili za opera ya Porgy and Bess: mmoja wa mtu anayefurahia kutokuwa na kitu, mwingine wa mtu asiyeamini kila analoambiwa. Kwa Ulaya ya mwaka ule, iliyofilisika na yenye mashaka, bendi ilikuwa imegusa penyewe.

Mkataba huo ndio uliozaa Jumuiya ya Kujihami ya Nchi za Magharibi, NATO, ambayo mwaka 2024 ilitimiza miaka 75 ikiwa na wanachama 32. Miungano ya kijeshi kwa kawaida hufa pamoja na hofu iliyoiunda. Huu umemzika adui wake wa kwanza na kuendelea kuishi, na siri ya umri wake imo zaidi katika mazoea ya kushauriana kuliko katika wingi wa silaha. Mabalozi wa nchi kubwa na ndogo wamekaa meza moja wiki baada ya wiki, wakagombana, kisha wakarudi. Sehemu kubwa ya historia ya NATO ni historia ya magomvi ya ndani ambayo hayakufika kwenye talaka.

Chanzo chake kilikuwa umaskini kabla ya kuwa vita. Februari 1947 Uingereza iliiarifu Marekani kwamba haikuwa tena na fedha za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki. Mwezi uliofuata Rais Harry Truman aliliomba Bunge la nchi yake lichukue mzigo huo, na tarehe 5 Juni waziri wake George Marshall, akihutubia Chuo Kikuu cha Harvard, akatangaza utayari wa Marekani kuifufua Ulaya nzima. Kati ya 1948 na 1952 Mpango wa Marshall ulimimina takriban dola bilioni 13 katika nchi 16 za Ulaya Magharibi: makaa ya mawe, ngano, matrekta, mashine za viwandani. Moscow iliukataa na kuzizuia Poland na Czechoslovakia zisishiriki. Masharti yake yalikuwa na akili. Wapokeaji walitakiwa kukaa pamoja na kugawana misaada wenyewe, na chombo walichokiunda Paris kwa kazi hiyo ndicho kilichogeuka mwaka 1961 kuwa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, Marekani na Kanada zikiwa wanachama kamili.

Lakini hakuna anayejenga kiwanda mahali anapotarajia kuporwa. Februari 1948 wakomunisti walitwaa madaraka Prague, na Ulaya Magharibi ikashtuka. Waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Ernest Bevin, mtoto wa kimaskini aliyepanda ngazi kupitia chama cha wafanyakazi, ndiye aliyeona mapema kuliko wengi kwamba Waulaya peke yao wasingeweza kujilinda. Tarehe 17 Machi 1948 Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilisaini Mkataba wa Brussels wa kulindana. Mwezi huohuo Waingereza, Wakanada na Wamarekani walikutana kwa siri kubwa Pentagon kujadili mkataba mpana zaidi. Siri hiyo haikuwa na maana, kwa kuwa miongoni mwa maofisa wa Kiingereza waliohusika alikuwamo Donald Maclean, jasusi wa Moscow. Juni 1948 Wasovieti walifunga barabara na reli zinazoingia Berlin Magharibi. Kwa karibu mwaka mzima ndege za Marekani na Uingereza zililisha upande huo wote wa jiji kwa unga na makaa ya mawe kutoka angani, na ndani ya miezi hiyo mkataba wa Atlantiki ukaandikwa.

Kwa Marekani hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana leo. Tangu enzi za waasisi wake ilikuwa imekwepa miungano ya kudumu na Ulaya wakati wa amani. Seneta Arthur Vandenberg, mpinzani wa zamani wa kujiingiza katika mambo ya nje, alifungua njia kwa azimio la Seneti la Juni 1948, na tarehe 21 Julai 1949 mkataba ukaridhiwa kwa kura 82 dhidi ya 13.

Ugumu wote ulikuwa katika Ibara ya 5. Inasema kwamba shambulio la silaha dhidi ya mwanachama mmoja litahesabiwa kuwa shambulio dhidi ya wote. Waulaya walitaka ahadi ya moja kwa moja kwamba ukipigwa, nitakuja na bunduki. Maseneta wa Marekani wakakumbusha kwamba kutangaza vita ni mamlaka ya Bunge lao, hayawezi kukabidhiwa mkataba. Suluhu ikawa kwamba kila nchi itachukua hatua itakayoiona kuwa ya lazima, ikiwemo kutumia nguvu za kijeshi. Kisheria, basi, mwanachama anaweza kutuma mablanketi na akawa ametimiza wajibu wake. Kinachoipa ibara hiyo meno ni askari wa Kimarekani waliowekwa Ulaya kwa maelfu, ambao wangekuwa wa kwanza kufa.

Ibara ya 2 ilitokana na Wakanada, hasa Lester Pearson, waliotaka mkataba uhusu pia uchumi na taasisi huru. Acheson hakuipenda, lakini ikabaki. Ibara ya 4 inampa mwanachama yeyote anayejiona hatarini haki ya kuita mashauriano, na imetumika mara nyingi kuliko ya 5.

Ibara ya 6 ndiyo inayomhusu msomaji wa Afrika. Inaweka mipaka ya ulinzi huo kaskazini mwa Tropiki ya Kansa. Ubelgiji ilikuwa mwanachama mwanzilishi, Kongo yake ikaachwa nje. Uingereza vilevile, Kenya, Uganda na Tanganyika zikaachwa nje. Marekani haikutaka kubeba vita vya makoloni ya watu. Algeria pekee ndiyo iliyoingizwa, kwa ubishi wa Ufaransa kwamba ni mikoa yake, na ikatoka ilipojipatia uhuru mwaka 1962. Hata hivyo silaha za nyuklia za Marekani, ambazo ndizo zilizokuwa mwavuli wa Ulaya katika miaka ya mwanzo, zilitengenezwa kwa kiasi kikubwa kwa urani ya mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo. Wachimbaji wa mgodi huo, katika jimbo ambalo Kiswahili ndiyo lugha ya kazi, walichangia ulinzi wa Atlantiki bila mkataba huo kuwataja popote.

Mwanzoni NATO ilikuwa karatasi zaidi kuliko jeshi, ikiwa na ofisi ndogo London. Vita vya Korea, vilivyolipuka Juni 1950, ndivyo vilivyoifanya taasisi. Kama Stalin ameruhusu uvamizi Asia, watu walijiuliza, nini kitamzuia Ujerumani? Aprili 1951 makao makuu ya kijeshi yalifunguliwa Paris chini ya Jenerali Dwight Eisenhower. Mwaka uliofuata ukaundwa wadhifa wa Katibu Mkuu, akapewa Mwingereza, Lord Ismay. Mgawanyo huo haujabadilika hadi leo: kamanda mkuu wa majeshi Ulaya huwa Mmarekani, Katibu Mkuu huwa Mzungu wa Ulaya. Inasemekana Ismay ndiye aliyesema kwamba kazi ya NATO ni kuwazuia Warusi wasiingie, Wamarekani wasitoke na Wajerumani wasiinuke.

Hilo la tatu halikudumu. Ugiriki na Uturuki zilijiunga Februari 1952, kisha Mei 1955 ikaja zamu ya Ujerumani Magharibi, miaka 10 tu baada ya Hitler. Siku chache baadaye Umoja wa Kisovieti na washirika wake wakajibu kwa Mkataba wa Warsaw. Wajerumani waliruhusiwa kuwa na jeshi tena kwa sababu lingekuwa chini ya kamandi ya pamoja, si chini ya amri ya Bonn peke yake. Ufaransa, iliyovamiwa mara tatu na Wajerumani ndani ya miaka 70, ilikubali kwa shingo upande. Pengine hili ndilo jambo kubwa zaidi ambalo jumuiya hii imelifanya, na halikuhitaji risasi hata moja.

Utaratibu wa uamuzi wake ni wa pekee. Baraza la Atlantiki ya Kaskazini halipigi kura. Kila uamuzi hutoka kwa makubaliano ya wote, Luxembourg ikiwa na uzito sawa na Marekani, angalau kwenye karatasi. Rasimu inaposambazwa huwekwa saa ya mwisho. Balozi asipopinga hadi saa hiyo, ukimya wake unahesabiwa kuwa ndiyo. Nchi inayokataa "huvunja ukimya" kwa barua, na mazungumzo yanaanza upya. Februari 2003, wakati wa mabishano juu ya Iraq, Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji zilivunja ukimya kuhusu mpango wa kuilinda Uturuki. Njia iliyopatikana ni mfano mzuri wa ujanja wa taasisi kongwe. Suala lilihamishiwa kwenye kamati ya mipango ya ulinzi, ambako Ufaransa haikuwa na kiti, na hao wengine wawili wakalegea.

Chini ya vikao hivyo kulikuwa na kazi isiyopigiwa tarumbeta: kuyafanya majeshi ya lugha nyingi yaweze kutumia vitu vilevile. Katika miaka ya 1950 wanachama walikubaliana juu ya risasi moja ya bunduki, ya milimita 7.62, na kiwango hicho kikasafiri mbali kuliko mkataba wenyewe. Bunduki ya G3 ambayo askari wa Kenya wameibeba kwa miaka mingi hutumia risasi hiyo ya NATO. Mabomba ya mafuta yalitandazwa chini ya ardhi kutoka bandari za Ufaransa na Nchi za Chini hadi Ujerumani, leo yakiwa na urefu wa kilomita zipatazo 5,300. Yalichimbwa kwa ajili ya ndege za vita, lakini wakati wa amani huuza nafasi kwa viwanja vya kiraia, hivyo abiria anayeruka kutoka Frankfurt au Brussels huenda anasafiri kwa mafuta yaliyopita katika mabomba ya Vita Baridi. Mwaka 1975 Ubelgiji, Uholanzi, Norway na Denmark ziliungana kununua ndege ya Kimarekani ya F-16 kwa sharti kwamba sehemu zake ziundwe katika viwanda vyao. Huo ndio uchumi wa muungano ulivyo: Marekani huuza, Ulaya hudai ajira.

Magomvi makubwa ya kwanza yalitoka nje ya eneo la mkataba. Oktoba 1956 Uingereza na Ufaransa, pamoja na Israel, ziliishambulia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez bila kuiambia Marekani. Eisenhower, sasa akiwa rais, hakutuma jeshi. Alikataa kuiokoa paundi iliyokuwa ikiporomoka hadi mapigano yasimame. London ikasalimu amri ndani ya siku chache. Desemba mwaka huo mawaziri watatu, Pearson wa Kanada, Halvard Lange wa Norway na Gaetano Martino wa Italia, waliwasilisha ripoti iliyohimiza wanachama washauriane kabla ya kutenda na siyo baada ya tendo. Ripoti ilipokelewa kwa heshima, na imevunjwa mara nyingi tangu hapo.

Kutokana na Suez, Ufaransa ilipata funzo tofauti na lile la Waingereza. Waingereza waliamua wasiachane tena na Washington. Jenerali Charles de Gaulle aliamua asiitegemee. Tarehe 7 Machi 1966 alimwandikia Rais Lyndon Johnson kwamba Ufaransa inajitoa katika kamandi ya pamoja, na majeshi ya kigeni yaondoke katika ardhi yake. Husimuliwa kwamba waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Dean Rusk, aliagizwa amuulize de Gaulle kama amri hiyo iliwahusu pia Wamarekani waliozikwa katika makaburi ya Ufaransa. Makao makuu yakahamia Ubelgiji mwaka 1967: ya kisiasa Brussels, ya kijeshi Casteau karibu na Mons. Majengo ya Brussels yalisimamishwa haraka yakiwa ya muda tu, lakini yakatumika nusu karne, hadi jengo jipya lilipoanza kazi mwaka 2018. Ufaransa haikuacha uanachama, na mwaka 2009 ilirejea katika kamandi. Mwishoni mwa 1967 wanachama walipitisha ripoti ya Pierre Harmel, waziri wa Ubelgiji, iliyosema NATO iwe na kazi mbili: kuwa na nguvu ya kumzuia adui, na kuzungumza naye.

Ugomvi wa kuchekesha zaidi, kwa asiyekuwamo, ulihusu samaki. Iceland haina jeshi. Mchango wake katika NATO ulikuwa ardhi, hasa kambi ya Keflavik, ambako Wamarekani walifuatilia nyambizi za Kisovieti zikishuka Atlantiki. Iliposogeza mpaka wake wa uvuvi hadi maili 200 mwaka 1975, Uingereza ilipeleka manowari kuwalinda wavuvi wake. Boti za doria za Iceland zilikuwa na kifaa cha kukata nyaya za nyavu: zinapita nyuma ya meli ya uvuvi, zinavuta, na wavu wa maelfu ya paundi unazama baharini pamoja na samaki wake. Meli ziligongana. Februari 1976 Iceland ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na wanasiasa wake wakaanza kuizungumzia Keflavik kwa sauti ya kutisha. Katibu Mkuu Joseph Luns alisaidia usuluhishi, na Juni mwaka huo Uingereza, dola yenye silaha za nyuklia, ilikubali maili 200 za nchi yenye watu wachache kuliko mji wa kati wa Kiingereza. Ndani ya muungano, mnyonge mwenye kambi anayohitajiwa nayo si mnyonge kabisa.

Ureno ni sura yenye giza. Utawala wa Salazar haukuwa wa kidemokrasia, licha ya dibaji ya mkataba kuitaja demokrasia, lakini ulimiliki visiwa vya Azores, kituo muhimu cha ndege katikati ya bahari. Kuanzia 1961 nchi hiyo ilipigana vita vya kikoloni Angola, kisha Guinea-Bissau na Msumbiji. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962 na kuanza mapambano Septemba 1964 ikitokea ardhi ya Tanzania. Mwalimu Julius Nyerere na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, iliyokuwa na makao Dar es Salaam, walilalamika kila mara kwamba silaha walizopewa Wareno kwa ulinzi wa Atlantiki zilikuwa zikitumika kusini mwa mto Ruvuma. Hawakuwa wakizusha. Ujerumani Magharibi iliipa Ureno ndege za Fiat G.91 kwa sharti kwamba zitumike Ureno kwa ulinzi wa NATO. Lisbon ikajibu kwamba Ureno inaenea hadi Afrika, na ndege hizo zikaruka Guinea-Bissau na Msumbiji. Wakati huohuo Norway, mwanachama mwenzake, ilimkosoa Mreno hadharani na kuipa FRELIMO msaada wa kibinadamu. Jambo hilo halikumalizwa na baraza lolote la NATO. Lilimalizwa na maofisa wa Kireno wenyewe, waliopindua serikali yao tarehe 25 Aprili 1974 kwa kuchoka na vita hivyo.

Mwaka huohuo wa 1974 mgogoro wa Cyprus ulikaribia kuzitumbukiza Ugiriki na Uturuki vitani, na Ugiriki ikajitoa katika kamandi ya pamoja hadi 1980. Hispania iliingia 1982. Suala lililotikisa muongo huo lilikuwa makombora. Desemba 1979 NATO iliamua kuweka Ulaya makombora mapya 572 ya Kimarekani kujibu SS-20 ya Wasovieti, na papo hapo kuwaalika Wasovieti mazungumzoni. Mamia ya maelfu waliandamana Bonn, London na kwingineko. Makombora yaliwekwa, mazungumzo yakafanyika, na Desemba 1987 Ronald Reagan na Mikhail Gorbachev wakasaini mkataba wa kuyafuta yote ya aina hiyo.

Tarehe 20 Desemba 1991 mawaziri wa NATO walikutana Brussels na wale wa Mkataba wa Warsaw uliokuwa umevunjwa Julai. Kikao kikiwa karibu kumalizika, balozi wa Kisovieti alitoka kupokea ujumbe kutoka kwao, akarudi na kuomba kwamba jina la nchi yake liondolewe katika tamko la pamoja, maana Umoja wa Kisovieti haukuwapo tena.

Wengi walitarajia NATO nayo ifungwe. Vita vya Bosnia vikaipa kazi. Februari 1994 ndege zake zilitungua ndege nne za Waserbia wa Bosnia, na hayo ndiyo yalikuwa mapigano ya kwanza katika historia yake. Mashambulio ya anga ya 1995 yalisaidia kuleta makubaliano ya amani ya Dayton. Mwaka 1999 iliishambulia Yugoslavia kwa siku 78 kwa ajili ya Kosovo bila idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, mfano ambao Urusi imeukumbusha kila ilipotaka kuhalalisha vita vyake yenyewe.

Machi 1999 Poland, Hungary na Jamhuri ya Czech zilijiunga. Mwaka 2004 zikaja nchi saba, zikiwemo Estonia, Latvia na Lithuania zilizokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti wenyewe. Nyingine nne za Balkani zilifuata kati ya 2009 na 2020. Moscow inaona huo ni usaliti wa maneno iliyoambiwa wakati Ujerumani ikiungana. NATO hujibu kwamba hakuna ahadi iliyoandikwa, na kwamba nchi hizo ziliomba zenyewe. Yote mawili ni kweli kwa kiasi. Kosa la wazi zaidi lilifanyika Bucharest Aprili 2008. Marekani ilitaka Ukraine na Georgia zipewe njia ya kujiunga, Ujerumani na Ufaransa zikakataa, na tamko likasema nchi hizo zitakuwa wanachama bila kutaja lini. Uamuzi wa kati kwa kati uliwaudhi Warusi bila kumlinda mtu.

Ibara ya 5 ilitumika kwa mara ya kwanza na ya pekee tarehe 12 Septemba 2001, siku moja baada ya mashambulio ya New York na Washington. Waliouandika mkataba walidhani Marekani ingekuja kuiokoa Ulaya. Ikawa ndege za rada za NATO, zenye marubani wa Kizungu wa Ulaya, zinalinda anga ya Marekani. Agosti 2003 jumuiya ilichukua uongozi wa majeshi ya kimataifa Afghanistan, yaliyofika askari zaidi ya 130,000. Taliban walirudi Kabul Agosti 2021 kabla hata uondokaji haujakamilika. Ni kushindwa, na hakuna jina jingine linalofaa.

Karne hii pia iliileta NATO pwani ya Afrika Mashariki. Ilisafirisha kwa ndege wanajeshi wa Burundi na Uganda waliojiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika Somalia. Oktoba 2008 manowari zake zilianza kusindikiza meli za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani zilizokuwa zikitoka Mombasa kupeleka nafaka Somalia, na kuanzia Agosti 2009 hadi Desemba 2016 zilishika doria dhidi ya maharamia sambamba na zile za Umoja wa Ulaya na mataifa mengine. Baadhi ya washukiwa waliokamatwa na manowari za kigeni walishtakiwa Mombasa, na mwaka 2010 mahakama maalumu ilifunguliwa Shimo la Tewa. Uharamia ulishuka, ingawa walinzi wenye bunduki ndani ya meli nao walichangia sana.

Libya iliacha kumbukumbu nyingine. Machi 2011 Baraza la Usalama liliruhusu hatua za kuwalinda raia, Afrika Kusini, Nigeria na Gabon zikipiga kura ya ndiyo. Umoja wa Afrika uliunda kamati ya marais watano, Yoweri Museveni akiwa mmoja wao, kutafuta suluhu. Muammar Gaddafi aliukubali mpango wao, waasi wa Benghazi wakaukataa, na NATO ikaendelea kushambulia hadi Oktoba, alipouawa. Silaha za maghala yake zilisambaa hadi Sahel. Barani Afrika, idhini iliyotolewa kwa ajili ya raia ilionekana kutumika kubadili utawala, na imani iliyopotea pale haijarudi.

Fedha ni ugomvi wa kudumu. Mfuko wa pamoja ni mdogo. Gharama halisi ni bajeti ya jeshi la kila nchi, na kwa jumla hiyo Marekani hutoa karibu theluthi mbili. Mwaka 2014, Urusi ilipoinyakua Crimea, wanachama waliahidi kufikia asilimia 2 ya pato la taifa, wakati ni watatu tu waliokuwa wamefika. Donald Trump aliigeuza ahadi hiyo kuwa fimbo, lakini uvamizi wa Urusi nchini Ukraine wa tarehe 24 Februari 2022 ndio uliofungua pochi za Ulaya. Uvamizi huo pia uliziondoa Finland na Sweden katika msimamo wao wa miaka mingi wa kutofungamana kijeshi. Finland ilijiunga Aprili 2023, ikaongeza mpaka wa kilomita zipatazo 1,340 na Urusi. Sweden ilifuata Machi 2024 baada ya kucheleweshwa na Uturuki na Hungary. Juni 2025, The Hague, wanachama walikubaliana lengo la asilimia 5 ifikapo 2035, ambapo 3.5 ni za majeshi na 1.5 ni za miundombinu na usalama mpana. Hispania ilisema mapema kwamba haitalifikia.

Ibara ya 13 inamruhusu mwanachama kujitoa kwa kutoa notisi ya mwaka mmoja, na notisi hiyo hupelekwa kwa serikali ya Marekani, mtunza mkataba. Waandishi wake hawakuweka utaratibu wa pekee kwa siku ambayo mtunza mkataba mwenyewe ndiye atakayetaka kuondoka. Desemba 2023 Bunge la Marekani liliziba sehemu ya pengo hilo kwa sheria inayomzuia rais kuitoa nchi katika NATO bila theluthi mbili ya Seneti au sheria ya Bunge. Tangu 1949 hakuna nchi iliyowahi kuitumia ibara hiyo.